Mkimbiaji wa mbio ndefu huanza kuchoka mezani

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, maelfu ya wakimbiaji hukusanyika Moshi kwa ajili ya mbio za Kilimanjaro, na wale wanaochagua umbali kamili wa kilomita 42.195 hukutana na njia yenye hila: sehemu ya kwanza inakwenda na kurudi kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, ardhi ikiwa karibu tambarare na hewa bado ya asubuhi, kisha sehemu ya pili inapanda kuelekea Mweka wakati jua limekwisha kupata nguvu. Katika mwinuko huo watu waliokuwa wakikimbia kwa raha huanza kutembea, miguu ikiwa mizito kana kwamba si yao, na baadaye wengi hueleza kwamba mazoezi hayakutosha. Kwa baadhi yao ni kweli. Lakini sisi tunaoshughulika na lishe ya wanamichezo, tukimwuliza mtu kama huyo alikula nini katika wiki ya mwisho na katika miezi ya maandalizi, mara nyingi tunakuta kwamba mazoezi yalikuwapo. Kilichokosekana ni chakula cha kuyabeba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, katika umbo liitwalo glaikojeni. Mtu mzima aliyekula vizuri huwa na gramu 300 hadi 500 kwenye misuli na gramu 80 hadi 100 hivi kwenye ini, na kwa kuwa kila gramu hutoa kilokalori 4, akiba yote ni kati ya kilokalori 1,500 na 2,400. Kukimbia nako hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, hivyo mtu wa kilo 65 atahitaji kilokalori zipatazo 2,700 ili kumaliza marathoni. Pengo hujazwa na mafuta, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha, ila mafuta hutoa nishati polepole, na kadiri mtu anavyoongeza kasi ndivyo misuli inavyodai wanga zaidi. Isitoshe, akiba ya misuli haiazimishwi: glaikojeni iliyo mikononi haiwezi kwenda kuisaidia miguu iliyoishiwa.

Kwa sababu hiyo kocha hawezi kufundisha kasi akaacha chakula. Katika kambi za wakimbiaji za Iten nchini Kenya, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, mgeni hushangaa kuona watu wanaomaliza marathoni kwa saa 2 na dakika chache wakianza mazoezi mepesi ya alfajiri kwa mwendo ambao hata yeye angeumudu kwa dakika za mwanzo. Makali yana siku zake, mbili au tatu kwa wiki. Siku nyingine ni za kujenga uwezo wa kutumia mafuta na kuiachia akiba ya wanga ijazwe tena. Vikundi vyetu vingi vya joging hufanya kinyume chake. Kila Jumamosi hugeuka mashindano, na mtu hukimbia mwaka mzima kwa kasi ya kati, isiyompumzisha wala kumjenga, huku akimaliza kila wiki kile alichokula wiki hiyohiyo. Kipimo cha mazoezi mepesi hakihitaji saa ya bei ghali: kama huwezi kumsimulia mwenzako jambo kwa sentensi nzima bila kukatishwa na pumzi, umezidisha.

Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo mwezi Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde, na watu walizungumza sana juu ya mita zile za mwisho. Kwa mtaalamu wa lishe, mita hizo zina habari yake: hakuna anayeweza kuongeza kasi kwa namna ile baada ya kilomita 42 kama misuli yake haijabakiza wanga, na wanga huo hubaki kwa mtu aliyejaza akiba kabla na kuitumia kwa subira njiani.

Sasa tuje kwenye sahani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia chakula cha wakimbiaji 10 wa daraja la juu wa Kenya waliokuwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga. Ugali pekee ulichangia karibu robo, na sukari, ambayo kwa sehemu kubwa iliingia kupitia chai ya maziwa, ilichangia takriban moja ya tano. Vilivyosalia vilikuwa wali, mkate, viazi, maharage, kabichi na maziwa. Ninajua sentensi hii inaweza kumfurahisha mpenzi wa chai tamu anayekaa ofisini kutwa, kwa hiyo niseme wazi kwamba haimhusu. Inamhusu mtu anayekimbia asubuhi na jioni.

Mwanamichezo anayefanya mazoezi ya saa 1 hadi 3 kwa siku anahitaji gramu 6 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 360 hadi 600 kwa siku, na hapo ndipo wengi wanapopungukiwa bila kujua. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Wali uliopikwa wa uzito huohuo una gramu 28. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi. Mtu anayetoka kukimbia kilomita 20 alfajiri, akanywa chai ya rangi na andazi moja, akala sahani ya wali mchana na kulala na kipande cha ugali, hafiki nusu ya mahitaji yake. Akirudia hivyo kwa wiki nne, atakuwa anaanza kila zoezi na akiba pungufu, na atasema mwili umekataa. Kuna pia mtindo ulioenea mitandaoni wa kukimbia mbio ndefu bila kula chochote ili kuchoma mafuta. Kwa mwendo mwepesi wa chini ya saa 1 hauna madhara makubwa, lakini kuufanya kuwa kanuni ya kila siku ni kujinyima kile unachokitafuta.

Kupungukiwa kwa muda mrefu kuna gharama kubwa kuliko kushindwa kwenye mbio. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu hali hii ya upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ikieleza kwamba inawapata wanawake na wanaume. Mwili ukikosa nishati ya kutosha hupunguza matumizi kwenye shughuli unazoona zinaweza kusubiri: uzazi, ujenzi wa mifupa, kinga dhidi ya maradhi. Msichana hukosa hedhi, kijana wa kiume hupungukiwa homoni za kiume, mafua hayaishi, usingizi huharibika, na mfupa wa muundi au wa wayo hupata ufa bila kuanguka wala kugongwa. Wapo makocha wanaoamini kwamba hedhi kukatika ni ishara kuwa binti ameiva kimazoezi. Imani hiyo ni ya hatari. Hedhi ikikosekana kwa miezi mitatu mfululizo, binti anapaswa kupelekwa kituo cha afya, na kocha asiyejisikia huru kuuliza jambo hilo amtafute mama au dada anayeaminika kambini wa kuliuliza. Desturi ya kuwapima uzito wasichana mbele ya wenzao na kutoa maoni juu ya maumbile yao nayo iachwe mara moja.

Chai, ambayo nimeisifu hapo juu, ina kasoro moja. Hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma ikinywewa pamoja na mlo, hasa mlo wa mchicha na maharage, ambao chuma chake tayari ni kigumu kufyonzwa. Inywewe saa moja au mbili baada ya kula, na mboga zikamuliwe limau au zifuatiwe na chungwa. Maini, nyama na dagaa vina chuma kinachofyonzwa vizuri zaidi. Mkimbiaji anayechoka kuliko kawaida, hasa mwanamke, apimwe damu kabla ya kumeza vidonge, kwa sababu katika mazingira yetu malaria na minyoo ya safura vinaweza kuwa ndiyo chanzo.

Siku ya mbio, anayekimbia zaidi ya saa moja na nusu anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia mapema, kabla hajasikia njaa. Utumbo una mpaka wa kufyonza glukosi, sukari ambayo wanga mwingi huvunjwa kuwa, takriban gramu 60 kwa saa. Wanaofika gramu 90 huchanganya na fruktosi, sukari iliyomo kwenye matunda na asali. Tende, ndizi, asali na soda iliyoachwa hadi gesi ikatoka vinafaa, mradi tumbo limezoeshwa wakati wa mazoezi marefu, kwani tumbo nalo hufundishwa. Kinywaji cha nyumbani hutengenezwa kwa lita 1 ya maji safi na salama, gramu 60 za sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi na limau kidogo. Maji ya dafu ni mazuri lakini yana madini ya potasiamu kwa wingi na sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kidogo, wakati jasho hupoteza zaidi sodiamu.

Kuhusu maji, ushauri wa kunywa kwa wingi kadiri uwezavyo umepitwa na wakati. Katika marathoni ya Boston, Marekani, ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu iliyoshuka kupita kiasi; waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokimbia kwa zaidi ya saa 4 na kunywa mpaka wakaongezeka uzito. Hali hiyo huweza kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa, degedege na hata kifo. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi refu: ukipungua zaidi ya asilimia 2, ulikunywa kidogo mno, ukiongezeka, ulizidisha.

Anayefunga Ramadhani apunguze makali ya mazoezi, akimbie kabla kidogo ya kufuturu au saa mbili baada yake, na mbio ndefu za ushindani azipangie baada ya Idi.

Jambo moja linatutia wasiwasi kila msimu, nalo ni watu kumeza daiklofenaki au ibuprofeni kabla ya kuanza ili wasisikie maumivu. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati ambapo joto na kupungukiwa maji vimekwisha kuipunguza, na huongeza pia uwezekano wa sodiamu kushuka. Mkimbiaji ambaye baada ya mbio anapata mkojo wa rangi ya chai nzito, au hapati mkojo kabisa kwa saa kadhaa, huku misuli ikiuma na kuvimba, asiende kulala kwa kudhani ni uchovu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na amweleze daktari alikimbia umbali gani, alikunywa nini na alimeza dawa gani.