Je, wajua kwa nini mpira wa besiboli husainiwa kwa biki ya bluu na si kwa maka peni?

Januari 2017 mdogo wangu, anayeishi Chicago, alinipigia simu akiwa kwenye foleni ndani ya hoteli. Mkononi alikuwa na mpira mpya wa besiboli, bado unanuka ngozi, na mfukoni kalamu mbili: biki ya bluu, na maka peni nyeusi ya wino usiofutika. Swali lake lilikuwa moja. Akifika mezani kwa mchezaji, ampe ipi?

Nikajibu papo hapo, kama kaka mkubwa anavyojibu. Maka, kuna la kuuliza? Biki ni ya daftari la shule. Maka ndiyo tunayoandikia magunia, ndoo na masanduku ya wanafunzi wa bweni, na jina linabaki hadi sanduku lenyewe linachakaa.

Miaka ikapita. Alipokuja Dar likizo akautoa mpira kwenye begi, umefungwa kwa soksi. Saini haikuwa imefutika hata kidogo. Ilikuwa imenenepa. Kila mstari ulikuwa umeota kivuli cha rangi ya chai ya rangi, matundu ya herufi yameziba, na jina lililosomeka vizuri siku ile sasa lilionekana kama limeandikwa kwa kidole chenye masizi.

"Kaka, si ulisema haifutiki?"

"Haijafutika," nikamwambia. Nilikuwa najitetea tu, lakini jibu la swali letu lilikuwa humo humo.

Kwanza, kwa asiyejua foleni ile ni ya nini. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani huchezwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi vuli, kisha viwanja hufungwa kwa baridi. Mwaka 1986 klabu ya Cubs ya Chicago ilianza kuwakusanya mashabiki wake hotelini katikati ya Januari, wakae na wachezaji, waulize maswali, wanunue vitu, wapange foleni za saini. Klabu nyingine zikafuata. Kule St. Louis tamasha la Cardinals linafanyika tangu 1997, tiketi za saini huuzwa, na fedha huenda kwenye mfuko wa hisani wa klabu. Kwetu shabiki akikutana na mchezaji wa Simba au Yanga anaomba picha. Kule bado wengi wanataka mpira ulioandikwa kwa mkono. Januari ile ya 2017 foleni zilikuwa na raha yake, kwa sababu Cubs walikuwa wametoka kutwaa ubingwa baada ya kuusubiri miaka 108. Mpira wa besiboli nao una mishono 108 ya nyuzi mbili mbili. Haimaanishi chochote, lakini ukishaijua huwezi kuacha kuisema.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana nimegundua si langu peke yangu. Neno "usiofutika" linatudanganya. Mtengenezaji wa kalamu anapoandika hivyo ubavuni, ahadi yake ni kwamba maji hayataung'oa wino huo. Hajaahidi kwamba utatulia pale ulipouweka. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, na sisi tunayachanganya kwa sababu kwenye ndoo ya plastiki yanakwenda pamoja: plastiki haina pa kupenya, hivyo wino usiong'oka hauna pia pa kwenda. Ukibadilisha plastiki ukaweka ngozi, ahadi ya kwanza inatimia vilevile. Wino haung'oki. Ila unahama.

Na watu wanaotahadharisha juu ya maka mara nyingi nao hukosea upande wa pili: husema maka "inapauka". Kupauka kupo, mwanga unaua karibu kila rangi. Lakini mpira wa mdogo wangu ulikaa ndani ya soksi, gizani, na bado ukaharibika.

Mpira wenyewe una kiini cha kizibo na raba, umezungushiwa uzi kwa mamia ya mita, sufu kwa sehemu kubwa, kisha ukavikwa vipande viwili vya ngozi. Hadi 1974 ngozi ilikuwa ya farasi, tangu hapo ni ya ng'ombe. Weupe wake hautokani na kupakwa rangi. Ngozi hutengenezwa kwa shabu, hii hii ambayo bibi zetu walitia kwenye mtungi ili maji ya kisima yatulie. Kwa macho inaonekana laini kama kaure. Kwa karibu ni msitu wa nyuzinyuzi zilizosokotana, na katikati yake kuna njia nyembamba zisizo na idadi.

Hebu fikiria kibatari. Hakuna anayesukuma mafuta ya taa yapande utambi. Yanapanda yenyewe, kwa kuwa nyuzi za utambi zimekaribiana kiasi kwamba kimiminika chepesi kinavutwa kutoka uwazi mmoja hadi mwingine. Ngozi ya mpira ni utambi uliolazwa. Wino wa maka ni rangi iliyoyeyushwa kwenye vimiminika vya jamii ya spiriti, ndiyo maana ukifungua kifuniko inakupiga puani. Ni mwepesi, unateleza, unapenda kupanda utambi. Kalamu ikigusa ngozi, spiriti inatambaa pembeni kupitia zile njia na kubeba rangi mgongoni, hadi itakapokauka.

Biki ni habari nyingine. Wino wake ni mzito, una asili ya mafuta, na hautoki kwa kutiririka. Kijipira kidogo cha chuma kinauviringisha nje na kuubandika. Hapa mfano bora niliopata ni wa hina. Mpakaji anayejua kazi yake anakanda hina mpaka ikae kama uji mzito, ndipo achore maua membamba mkononi mwa bibi harusi. Hina ikiwa majimaji, ua la asubuhi linakuwa doa jioni. Mkono ni ule ule na hina ni ile ile. Tofauti ni uzito wa uji. (Mfano una mipaka: hina inashikana na ngozi kwa namna ambayo wino wa biki haushikani. Mimi nauchukua kwa ajili ya mistari tu.)

Unaweza kujionea mwenyewe leo. Chukua karatasi ya choo, weka ncha ya maka juu yake uhesabu hadi kumi bila kuinua mkono. Doa litakua mbele ya macho yako. Fanya vilevile kwa biki: kidoa kinabaki kilivyo. Sasa dondosha tone la spiriti ya duka la dawa katikati ya doa la maka. Nilipojaribu mimi, ule weusi uligawanyika, pembeni ukatoka utando wa zambarau na mwingine wa bluu, kwa sababu weusi wa maka kwa kawaida ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na kila moja ina mwendo wake. Ndivyo ninavyokielewa kile kivuli cha rangi ya chai kwenye mpira: ni rangi mojawapo iliyowatangulia wenzake.

Halafu dondosha spiriti kwenye kidoa cha biki. Nacho kitakimbia! Jaribio hili la mwisho ndilo lililonishawishi, kwa sababu linaonyesha kwamba biki haina rangi ya ajabu. Ilichokosa ni gari la kuibeba.

Ila mtu makini atauliza: spiriti hukauka kwa dakika chache, sasa kwa nini saini iendelee kutanuka miaka baada ya hapo? Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba ngozi haikauki kabisa. Ina mafuta yake na inavuta unyevu wa hewa, na baadhi ya rangi za maka huyeyuka kidogo ndani yake na kuendelea kusogea kwa mwendo wa konokono. Mwendo huo hutegemea kalamu, ngozi na chumba. Ipo mipira iliyosainiwa kwa maka zamani ambayo bado inasomeka vizuri, kwa hiyo atakayekutajia idadi kamili ya miaka usimwamini haraka. Na karatasi ya choo si ngozi, nakubali.

Kwa nini bluu? Hapa mila inazidi sayansi. Uzi wa mishono ni mwekundu, kwa hiyo wino mwekundu unapotea njia. Mweusi unaweza kudhaniwa umepigwa chapa kiwandani. Bluu inaonekana moja kwa moja kuwa ni mkono wa mtu. Wapo wanaodai kwamba bluu hudumu kuliko nyeusi. Inategemea zaidi kalamu yenyewe, na mwanga wa jua hauoni haya kwa yoyote kati ya hizo mbili. Mpira ukiwekwa dirishani, saini ya biki itaondoka kimya kimya, safari hii kwa kupauka kweli.

Pahali pa kusaini napo pana adabu yake. Mishono inapokaribiana pande mbili hubaki ukanda mwembamba usio na maandishi, na Wamarekani wanapaita pahali patamu. Mchezaji akisaini peke yake, anasaini hapo. Mpira ukisainiwa na timu nzima, hapo huachiwa kocha mkuu, na kijana mgeni atakayejisahau akapachukua ataambiwa.

Nisije nikaeleweka kwamba maka haina kazi kwenye foleni zile. Kwenye picha inayong'aa, biki inateleza, inaruka herufi na kuacha mkwaruzo. Hapo maka ndiyo mahali pake. Jezi na kofia pia ni maka, maana juu ya kitambaa biki inakwama. Ndiyo sababu wazoefu hubeba kalamu zaidi ya moja, na biki huwekwa mfuko wa ndani karibu na mwili. Chicago Januari mara nyingi ni chini ya sifuri, na wino mzito ukipoa unagoma. Hutaki kumkabidhi mchezaji kalamu inayogoma huku watu mia wako nyuma yako. Unaikwangua kwanza kwenye karatasi hadi itoke vizuri.

Kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote, na nusura liwe makala yake. Kwa kuwa kila kalamu ina siku yake ya kuzaliwa, wino unaweza kumuumbua mwongo. Biki ziliingia madukani Marekani Oktoba 1945, pale New York, kwa dola 12.50 moja, fedha nyingi kwa wakati ule. Babe Ruth, nyota wa besiboli wa zamani ambaye saini yake ni kati ya zinazosakwa zaidi katika mchezo huu, alifariki Agosti 1948. Kwa hiyo saini yake ya biki inawezekana, lakini dirisha lake halifiki miaka mitatu. Akikuletea mtu mpira anaosema Ruth aliusaini 1930 kwa biki, mpe pole. Maka aina ya Sharpie ilianza kuuzwa 1964. Hapo Ruth alikuwa kaburini miaka kumi na sita.

Waghushi wenye akili huyajua hayo na kutafuta kalamu za zamani. Wengine hawajisumbui. Mwishoni mwa miaka ya 1990 makachero wa FBI walipolivunja genge kubwa la kughushi saini lililokuwa California, kati ya vitu vilivyohusishwa nalo ilikuwamo mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa wa Calcutta. Watu walikuwa wamenunua. Baada ya msukosuko ule, ligi kuu ilianzisha mwaka 2001 utaratibu wa kuwa na shahidi anayeona kwa macho yake mchezaji akisaini, kisha kibandiko chenye namba kinabandikwa kwenye mpira.

Mpira wa mdogo wangu hauna kibandiko. Una saini nene yenye kivuli, na yeye anasema ndiyo uthibitisho wake: mghushi gani angefanya kazi mbaya hivyo? Amerudi nao Chicago, na safari hii umo kwenye boksi. Nilipomuuliza kama Januari atakwenda tena, akasema amekwisha nunua mpira mpya na biki mbili za bluu. Nikataka kumshauri kuhusu picha, kwamba kwa picha achukue maka.

"Kaka," akanikatiza, "wewe pumzika."