Je, wajua mlango wa paka humtambuaje paka wa nyumba?

Mlango wa paka wa kawaida ni kitu rahisi: tundu lililokatwa sehemu ya chini ya mlango wa watu, fremu ya plastiki, na kilango chepesi kinachoning'inia ambacho paka hukisukuma kwa kichwa anapoingia au kutoka. Kasoro yake ni kwamba hakichagui mgeni. Paka shume anayepita nje akanusa chakula hukisukuma vilevile, akala, akanyunyiza mkojo pembeni kuweka mpaka wake, akaenda zake. Ndiyo maana siku hizi ipo milango inayomfungukia paka wa nyumba peke yake, hata kama hakuvaa chochote shingoni, kwa kuisoma chipu aliyochomwa chini ya ngozi na daktari wa mifugo. Swali ni hili: chipu isiyo na betri, ambayo huenda imekaa mwilini tangu paka akiwa mdogo, huuambiaje mlango kwamba huyu ni mwenyeji?

Tundu lenyewe ni la kale. Kanisa kuu la Exeter, nchini Uingereza, lina mlango wenye tundu la paka, na vitabu vyake vya hesabu vya karne ya 14 vinaonyesha fedha zilizotengwa kwa ajili ya paka wa kukamata panya. Kisa maarufu kwamba aliyeubuni mlango wa paka ni Isaac Newton, na kwamba alikata tundu kubwa la mama na dogo la watoto wake, hakina ushahidi wa kutosha; matundu ya namna hiyo yalikuwapo kabla hajazaliwa mwaka 1642. Baadaye sana zikaja kola zenye sumaku, ambazo huvuta komeo la kilango paka anapokaribia. Zilifanya kazi, ila sumaku moja ni sawa na nyingine: paka yeyote wa jirani aliyenunuliwa kola kama hiyo alikuwa na ufunguo wa nyumba yako, na paka aliyepoteza kola yake vichakani alibaki nje na mvua.

Chipu iliondoa tatizo la kola, lakini ikaleta dhana moja isiyo sahihi ambayo imeenea kuliko maelezo yenyewe. Wengi huamini kwamba chipu ni redio ndogo inayotangaza usiku na mchana, na kwamba mlango kazi yake ni kuisikiliza. Dhana hiyo imezaa nyingine tatu: kwamba betri ya chipu itakwisha siku moja na paka afungiwe nje, kwamba paka akipotea anaweza kufuatiliwa kwa simu hadi alipo, na kwamba ndani ya chipu yameandikwa jina la mwenye paka na anwani yake, ambayo mtu yeyote mwenye kifaa anaweza kuyasoma. Zote tatu si kweli, na sababu kubwa ni moja: chipu haitangazi chochote. Kwa takribani maisha yake yote imekufa kabisa, kama kitu kisichohusiana na umeme.

Inafaa kuitazama kwa karibu. Ni kidonge cha kioo kisichodhuru mwili, kwa kawaida chenye urefu wa milimita 12 na upana wa milimita 2, kinachoingizwa kwa sindano katikati ya mabega. Ndani yake mna kijiti cha ferite, yaani kitu kigumu chenye chuma kinachokusanya nguvu ya sumaku, kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba mizunguko mingi, kapasita ndogo, yaani kifaa kinachotunza umeme kwa muda mfupi, na kipande cha silikoni kinachohifadhi namba. Betri haimo, kwa hiyo hakuna cha kwisha. Jina la mtu pia halimo. Namba hiyo ina tarakimu 15 kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785 vilivyotolewa mwaka 1996: tatu za kwanza hutaja nchi au mtengenezaji, na 12 zilizobaki humtaja mnyama. Jina na simu ya mwenye paka huwa katika daftari la usajili lililo mahali pengine, na mwenye paka aliyehama bila kubadilisha taarifa zake humo amebaki na namba isiyomfikisha mtu popote. Mlango wenyewe hauna habari na daftari hilo. Unachokumbuka ni namba ulizofundishwa, basi.

Dhana ya kufuatilia kwa simu ndiyo ngumu zaidi kuiondoa, pengine kwa sababu vifaa vya kufuatilia paka vipo kweli. Lakini hivyo huvaliwa kwenye kola, vina kipokezi cha setilaiti, vina kisambazaji cha kupeleka taarifa kwenye mtandao wa simu, na vina betri ambayo lazima ichajiwe mara kwa mara. Setilaiti hazijui paka yuko wapi. Kifaa ndicho kinachopokea mawimbi yake, kikapiga hesabu ya mahali kilipo, kisha kikatumia umeme wake chenyewe kukuarifu. Chipu ya chini ya ngozi haina kipokezi hicho, haina kisambazaji, wala haina umeme wa kuviendesha. Paka aliyepotea akiwa na chipu hupatikana pale tu mtu anapomshika na kumpitishia kisomaji karibu na mabega.

Basi mlango na chipu huzungumzaje? Mfano unaofaa ni bembea. Fikiria mtu mzima anambembeza mtoto kwenye bembea usiku wa giza, wote wawili wakiwa kimya. Mtoto hajiongezei mwendo. Mwendo wote anaupata kwa anayemsukuma. Tena haupatikani kwa kusukuma ovyo. Kila bembea ina mwendo wake wa asili unaotokana na urefu wa kamba zake, na anayeufuata huipandisha juu kwa visukumo vidogo vidogo, ilhali asiyeufuata hutoka jasho bure. Mlango ndio msukumaji. Kuzunguka njia ya kupitia paka kuna waya uliosokotwa, na umeme unaopita humo hutengeneza uga wa sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, unaogeuka mbele na nyuma mara 134,200 kila sekunde. Chipu ndiyo bembea: waya wake na kapasita yake vimepimwa ili mwendo wake wa asili uwe huohuo. Kwa hiyo uga ulio hafifu kabisa hujilimbikiza ndani ya kidonge hadi ukapatikana umeme wa kuiamsha silikoni, umeme unaohesabiwa kwa sehemu za milioni za wati.

Sasa mtoto ana namba ya kumpa msukumaji, na hawezi kusema. Anachofanya ni kuburuta miguu chini. Akiburuta, msukumaji huhisi uzito mikononi. Akiinua miguu, wepesi hurudi. Wakiwa wamekubaliana mapema namna ya kuusoma uzito na wepesi huo, namba yoyote itafika bila mtoto kutoa sauti. Ndivyo chipu inavyofanya, kwa swichi inayolemea na kulegeza waya wake kwa mpangilio maalumu, na mlango huuhisi mzigo huo katika waya wake wenyewe. Ujumbe mzima una biti 128, yaani alama za 0 au 1, zikiwamo za kukagua makosa, na hurudiwa zaidi ya mara 30 kwa sekunde maadamu paka yumo ndani ya uga. Mlango ukiikuta namba katika orodha yake, injini ndogo huvuta komeo, mlio mdogo unasikika, kilango kinaachiwa. Paka akishapita na uga kuzimwa, chipu inakufa tena.

Ukishauelewa mfano huo, tabia nyingi za ajabu za milango hii zinajieleza. Kwanza ni umbali. Nguvu ya uga wa namna hii haipungui taratibu. Ukishatoka mbali kidogo na waya, kila umbali unapoongezeka mara mbili nguvu hubaki takribani sehemu moja ya nane, na jibu la chipu linalazimika kuvuka mteremko huohuo likirudi. Ndiyo sababu kusoma hufanyika kwa sentimita chache tu, na ndiyo sababu paka lazima achomeke kichwa na mabega ndani ya fremu kabla mlango haujamtambua. Wapo wanaoona paka wao amesimama mbele ya mlango akiutazama, wakahitimisha kwamba kifaa ni kibovu. Kifaa ni kizima. Hakijaombwa lolote.

Pili ni mwelekeo. Bembea inayosukumwa kutoka ubavuni haiendi, na kidonge kilichokaa kukingama na uga hakipati umeme wa kutosha. Kwa kawaida kidonge hulala sambamba na uti wa mgongo, jambo linaloafikiana na uga unaopita katikati ya fremu. Lakini vipo vidonge vinavyohama polepole chini ya ngozi hadi begani au kifuani, na paka wa namna hiyo anaweza kusomeka vizuri kwa daktari, anayezungusha kisomaji kila upande, halafu akakataliwa na mlango wa nyumbani kwake. Tatu, chipu za kiwango hiki hazina utaratibu wa kupokezana zamu. Paka aliyechomwa chipu ya pili kwa sababu ya kwanza haikuonekana siku hiyo ana watoto wawili wanaoburuta miguu kwenye bembea moja, na msukumaji anaweza asiambulie namba ya yeyote.

Hayo yote yanamgusa fundi anayeukata mlango. Ubao na plastiki haviuzuii uga, hivyo ndivyo vyepesi kushughulikia. Mlango wa chuma ni habari nyingine: uga unaogeukageuka huzusha mikondo ya umeme ndani ya bati, na mikondo hiyo hutengeneza uga wake unaopingana na ule wa kwanza, hata kisomaji kikakosa nguvu ya kuamsha chochote. Dawa yake ni kukata tundu pana kuliko fremu na kujaza nafasi iliyobaki kwa kitu kisicho cha metali, ili bati likae mbali na waya. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi kabisa baada ya kutengenezwa, kwa sababu kikiguswa na kifaa cha kukatia hupasuka chote vipande vipande; huagizwa kingine chenye tundu tayari. Mlango uliotengenezwa kuzuia moto nao usitobolewe, kwani tundu huuondolea kazi yake. Urefu wa kutoka chini hupimwa kwa tumbo la paka aliyesimama, na hupimwa pande zote mbili, maana mara nyingi ardhi ya nje iko chini kuliko sakafu.

Kufundisha mlango ni kwa kubonyeza kitufe, kisha paka wa kwanza kupita anaandikwa kuwa mwenyeji. Mlango hauulizi ni wa nani. Shume mwenye chipu akiwahi kuchungulia wakati huo, yeye ndiye atakayeandikwa, na itabidi kumbukumbu ifutwe na kazi ianze upya.

Hata mlango uliofundishwa vizuri una mianya. Ili kutunza betri, mingi haiwashi uga mpaka kihisi cha mwanga kigundue kuna kitu mlangoni, na majani yanayopeperuka mbele yake hukiamsha bure hadi betri zikaisha mapema. Aina nyingi husoma chipu kwa anayeingia tu; anayetoka husukuma na kupita. Kwa kuwa upande wa kutokea hauna komeo, paka mwenye subira anayesimama nje huingiza kucha chini ya kilango, akakivuta kuelekea kwake badala ya kukisukuma, akajipenyeza kwa chini bila kusomwa. Baadhi ya watengenezaji wameongeza komeo la pili kuzuia ujanja huo. Wasichoweza kukizuia kwa urahisi ni zile sekunde chache ambazo komeo hubaki wazi baada ya mwenyeji kupita, kwani katika muda huo hakuna anayeulizwa namba, na shume aliyemfuata mwenyeji nyuma kwa nyuma huingia.