Kabla hujabadilisha fisha bodi, kagua kwanza hewa ya darini

Hela za korosho zikishatoka ndo simu zinaanza, fundi njoo uniangalizie fisha bodi, zile mbao za ukingoni mwa paa, zimeoza, tubadilishe kabla mvua hazijachanganya. Naenda, na mara nyingi nikifika saiti nakuta mbao inasingiziwa tu, paa lenyewe halipumui.

Juzi nilikuwa Shangani hapa Mtwara mjini, mama mwenye nyumba ananambia mwanangu, hizi mbao nabadilisha mara ya tatu sasa. Nikabandua kipande cha dari la nje pale upenuni, nikachoma kwa bisibisi ncha ya kenchi, ile mbao inayobeba paa, ikazama mpaka kwenye mpini kama nachoma muhogo uliochemshwa. Mbao nyeusi, misumari imeliwa na kutu, na fundi aliyepita kaziba kwa saruji kila uwazi kati ya ukuta na bati eti popo wasiingie. Iliniuma, maana mama wa watu kalipia mbao nzuri na rangi nzuri mara zote hizo.

Kinachotokea ni hivi. Usiku mawingu yakiwa hayapo bati linapoa haraka kuliko hewa, na darini kumejaa unyevu wetu huu wa pwani pamoja na mvuke wa jikoni na bafuni unaopanda juu, sasa ukigusa lile bati la baridi unageuka matone, ndo yale maji unayakuta asubuhi chini ya bati wakati mvua hata haijanyesha. Yanateremka na mteremko wa paa mpaka kwenye ncha za kenchi na mgongoni mwa fisha bodi. Hewa ikipita, mchana mbao inakauka. Ukiziba inabaki mbichi, na mbao ikikaa muda na unyevu unaozidi asilimia 20 ukungu wa kuozesha unaanza kuila. Rangi ya nje haiwezi kusaidia hapo, maji yanatokea nyuma.

Kwa hiyo dari la nje likishashuka, ndo wakati wenyewe. Acha uwazi wa kama sentimita 2 na nusu kuzunguka upenu wote, funika na wavu wa chuma wa matundu madogo, popo na panya hawapiti. Halafu hewa ya moto ipate pa kutokea juu, kwenye ukuta wa pembetatu au chini ya kofia ya paa kule kileleni, na vibao vya tundu hilo vilale kutazama nje na chini upepo usisukume mvua ndani. Kutoboa juu peke yake usifanye, paa litavuta hewa kutoka vyumbani.

Marekani wana kipimo cha sehemu 1 ya matundu kwa 150 za eneo la dari, yani dari la mita 10 kwa 9 linataka matundu ya jumla mita za mraba 0.6, na wavu unapunguza njia kwa hiyo ongeza.

Kenchi iliyooza ikate mpaka ufike kwenye mbao ngumu ndo uunge. Na fisha bodi mpya ipige rangi pande zote kabla hujaipandisha, hasa kwenye vichwa ulipokata na msumeno, ndo panapokunywa maji kuliko popote.