Je, wajua? Meno hayapimi ubora wa lulu

Kwa miaka mingi, aliyeniuliza namna ya kuijua lulu nzuri nilimwambia aisugue kwenye meno: ikikwaruza kama mchanga laini, ni bora, ikiteleza, aachane nayo. Hivyo ndivyo nilivyompimia shangazi mkufu wake wa lulu za kufugwa, jikoni kwake hapa Kisumu. Ulikwaruza, nikamhakikishia ni wa daraja la kwanza.

Nilikosea. Meno hujibu swali moja tu: je, hili ni tabaka lililojengwa na chaza, yule mnyama wa majini mwenye kombe, au ni plastiki au kioo kilichopakwa rangi? Lulu dhaifu hukwaruza sawa na lulu bora. Lulu ya asili nayo hukwaruza, ndiyo maana wataalamu huitofautisha na ya kufugwa kwa eksirei. Wala ya kufugwa si bandia. Mfugaji humpandikizia chaza kipande cha nyama ya chaza mwenzake, mara nyingi pamoja na shanga iliyochongwa kwa kombe, na chaza mwenyewe huifunika. Mjapani Kokichi Mikimoto alipata zake za kwanza, nusu duara, mwaka 1893.

Ubora husomwa kwanza kwenye mng'ao. Mvua ikinyesha Kibuye, tazama dimbwi lililodondokewa na dizeli: mwanga mwingine hurudi kutoka juu ya mafuta, mwingine kutoka chini yake, na miale hiyo inapokutana huzaa rangi. Sasa fikiria lulu kama chapati ya matabaka, mamia kwa mamia, kila tabaka likiwa vigae vya madini ya chokaa, unene wake takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kila tabaka hurudisha mwanga wake. Yakipangika vizuri, mwanga hutoka ukiwa mkali, kana kwamba umewashwa ndani.

Kwa hiyo laza lulu kwenye kitambaa cheupe chini ya taa. Kwenye lulu nzuri utaiona balbu yenyewe, kingo zake zikiwa wazi. Kwenye dhaifu utaona ukungu wa maziwa. Kisha izungushe polepole: tabaka likiwa jembamba, shanga ya ndani humeta na kufifia. Herufi kama AAA zisikutulize, kwa sababu hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima na kila muuzaji huzipanga apendavyo.

Niliurudia mkufu wa shangazi hivyo. Lulu za katikati zilionyesha balbu vizuri. Tatu karibu na kifungo zilimeta zikizungushwa, na moja ilikuwa imeanza kubanduka kwenye tundu la uzi.