Je, wajua kwa nini mwanasiasa huyu wa Kitamil alimbadilisha baba yake jina?

Kiongozi wa Viduthalai Chiruthaigal Katchi, chama cha Tamil Nadu kusini mwa India kinachopinga ubaguzi wa matabaka ya kuzaliwa, huandikwa Thol. Thirumavalavan. Kwa muda mrefu niliisoma hiyo "Thol." kama cheo, mfano wa Dkt. au Mhe. Baadaye nikaamini kwamba Thirumavalavan ni jina la ukoo, na "Thol." ni jina lake mwenyewe lililofupishwa. Kote nilikosea. Thirumavalavan ndiye yeye, "Thol." ni baba yake.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kupotea hapa. Juma Hamisi Salum si wa ukoo wa Salum. Ni Juma, babake Hamisi, babu yake Salum. Watamil wengi hufuata njia hiyohiyo, ila baba hutangulia na hufupishwa. M. K. Stalin, aliyeingia madarakani kama mkuu wa serikali ya jimbo mwaka 2021, ni Stalin mwana wa Muthuvel Karunanidhi.

Kulikuwa na kosa jingine, na hili nimelikuta kwa wengi: kudhani kwamba herufi hizo zilibuniwa na wapinga ubaguzi. Hapana. Mwanafizikia C. V. Raman alizaliwa 1888, na herufi yake ya kwanza ni ya baba yake, Chandrasekhara. Wapinga ubaguzi hawakuongeza kitu mbele ya jina. Walikata mkia wake. Mkia huo ulikuwa Iyer, Mudaliar, Pillai, Nadar, kila mmoja ukitaja tabaka. Mwaka 1929, katika mkutano wa Vuguvugu la Kujiheshimu mjini Chengalpattu, watu walihimizwa kuuacha. Kiongozi wao E. V. Ramasamy, maarufu kama Periyar, aliliacha la kwake, Naicker.

Fikiria kanga. Maandishi yake tunayaita jina, na mwanamke akipita umeshalisoma kabla hajakusalimu. Jina la tabaka lilifanya kazi hiyohiyo: karani, mwenye nyumba, mzazi wa mchumba, wote walimsoma mtu kabla hajafungua kinywa. Kukata kipande chenye maandishi kulipunguza usomaji huo.

Lakini kanga ina mji pia, ile sehemu ya kati, na mji nao husomeka. Hapo ndipo chama cha Thirumavalavan kilipoenda mbali zaidi. Mizizi yake ni Dalit Panthers wa Maharashtra, walioanza 1972 wakifuata mfano wa Black Panthers, chama cha Wamarekani Weusi; tawi la Watamil lilianzia Madurai mwaka 1982, Thirumavalavan akaliongoza tangu 1990, nalo lilisusia uchaguzi hadi 1999. Wafuasi wake wengi ni Wadalit, watu walioitwa "wasioguswa". Hoja ya Thirumavalavan ilikuwa kwamba hata jina la kwanza, likiwa la Kisanskriti, lugha ya maandiko ya Kihindu, au la miungu, linabeba mfumo wa dini uliohalalisha matabaka, ilhali jina la Kitamil cha kale ni mali ya Mtamil yeyote. Akawahimiza wafuasi wabadilishe majina, yao na ya wazazi wao pia.

Akaanza nyumbani. Baba yake aliitwa Ramasamy, jina lenye mungu Rama ndani yake. Akawa Tholkappiyan, jina la mtu anayetajwa kuwa mtunzi wa kitabu cha sarufi cha kale kuliko vyote vya Kitamil vilivyobaki. Nalo Thirumavalavan ni jina alilojulikana nalo Karikala, mfalme wa Chola, ufalme wa kale wa Watamil. Basi mtoto ana jina la mfalme, baba amepewa la mwanasarufi, na jina la baba likibadilika, la mtoto hubadilika nalo. Hilo ndilo linalonivutia mno.

Isidhaniwe kwamba majina yaliumaliza ubaguzi. Katiba ya India ilipiga marufuku "kutoguswa" tangu 1950, lakini vijijini Wadalit bado huishi mitaa yao peke yao, na zipo sehemu ambako kibanda cha chai huwawekea glasi zao. Asiyeweza kukusoma kwa jina hukuuliza unakaa mtaa gani.

Ukitaka kumwita kwa kifupi, wafuasi wake husema Thiruma. Usimwite Bwana Thol. Utakuwa umemwita baba yake.