Hatua ya nne: kunyamaza pamoja mbele ya Neno

Katika semina zangu za kusali pamoja na Neno la Mungu kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo, hatua ninayoipigania kuliko zote ni ya nne kati ya saba: ukimya. Watu wanaikimbia. Mwenyekiti anatangaza dakika tano za kimya, na kabla hata moja haijaisha mtu ameshaanzisha wimbo, au mzee anakohoa kidogo tayari kufafanua.

Njia yenyewe tunaiita Hatua Saba. Ilitoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, kwa kazi ya mapadre Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, ikaota mizizi katika jumuiya zetu, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, kisha kila mwenye neno lililomgusa analitamka kwa sauti mara tatu, polepole, bila maelezo. Ndipo tunanyamaza. Baadaye tunashirikishana, tunapanga kazi ya jumuiya, tunamalizia kwa sala za hiari.

Guigo II, mmonaki wa karne ya 12 wa shirika la Wakartusi, watawa wa upweke na ukimya, alifananisha kusali na Maandiko na kula: kusoma kunatia chakula mdomoni, kutafakari kunakitafuna, sala inapata ladha, na kuzama katika Mungu ndio utamu wenyewe. Ninaipenda picha hiyo kwa sababu kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa: mtoto hufundishwa mapema asiongee huku anatafuna.

Siku moja tulisoma Marko 10:46-52, habari za Bartimayo, kipofu mwombaji aliyeitwa na Yesu akaponywa. Nilitarajia watu washike "Mwana wa Daudi, unirehemu", na wengi walilishika. Mama mmoja akatamka tu: "Akatupa vazi lake." Mara tatu. Tukanyamaza. Ilipofika zamu ya kushirikishana akasema, "Mimi ningekuwa kipofu ninayelala njiani, hilo vazi ndilo ningelikumbatia. Ningelipata wapi tena nisipopona?" Nimesoma fafanuzi nyingi za injili hii, lakini tangu siku hiyo ninaisoma kwa macho ya mama yule. Alitupa vazi akiwa bado haoni.

Katika kushirikishana, sharti langu ni moja: sema "mimi". Mtu akianza "Ndugu zangu, hapa Yesu anatuonya", ninamsubiri apumue kisha ninamuuliza, "Na wewe, baba, limekugusa wapi?" Simkosoi mbele za watu. Hapo si mahali pa mahubiri wala pa kubishana, na aliyenyamaza hadi mwisho asilazimishwe; naye amesali.

Kwa jumuiya inayoanza, chagueni somo fupi, lisomwe mara mbili na sauti mbili tofauti. Ukimya uanze na dakika mbili, uongezwe taratibu. Mwongozaji ashike saa yeye peke yake, wengine wafunge Biblia na kuweka simu chini. Mtoto akilia, mama asitoke nje kwa aibu. Kuku akikatiza mkekani, mwacheni apite.