Wati 150 za nini, mzee wangu?

Mzee mmoja aliniletea amplifaya yake imefungwa kwenye shuka. Akaitua juu ya meza yangu ya kazi, akafuta jasho, akasema: "Fundi, hii imechoka. Wati 40 hazinitoshi. Nataka ya wati 150, na hii unitafutie mteja."

"Sawa mzee, lakini tuisikilize kwanza."

Nikaiunga kwenye spika zangu, nikamwachia kitufe cha sauti azungushe mwenyewe mpaka pale anaposikilizia nyumbani. Alipotosheka nikagusisha ncha za multimita kwenye plagi za spika. Volti 0.8. Spika zile ni za omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme), kwa hiyo hesabu ni fupi: 0.8 mara 0.8, gawa kwa 8, unapata wati 0.08. Haifiki hata sehemu ya kumi ya wati moja. Mzee akaitazama mita, kisha akanitazama mimi kama mtu anayefanyiwa kiinimacho.

Mita hutoa wastani, na muziki hauishi kwenye wastani. Nikaunga oskiloskopu, kifaa kinachochora umeme kama mstari kwenye kioo. Kila fimbo ilipotua kwenye ngoma, mstari uliruka hadi karibu volti 9, yaani wati 10 kwa kufumba na kufumbua, kisha ukarudi chini. Toka 0.08 hadi 10 ni zaidi ya mara 100, sawa na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 na kidogo, na hilo ni jambo la kawaida kwa muziki uliorekodiwa vizuri. Wati za amplifaya ni akiba ya vishindo hivyo. Na ya mzee ilikuwa bado na akiba mara nne ya kile alichokuwa akitumia.

Amplifaya ninayoizungumzia ni ile ya boksi moja: ndani yake mna sehemu ya kuchagua chanzo na kurekebisha kiasi cha sauti, na sehemu ya kutia nguvu ya kusukuma spika. Wapo wanaopenda kuzitenganisha sehemu hizo kwenye maboksi mawili. Waache. Kwa chumba cha kawaida boksi moja linatosha, na unaokoa nyaya.

Sasa, kwa nini kuruka kutoka wati 40 kwenda 150 hakumpi mtu anachotarajia? Kwa sababu sikio halihesabu kama mfuko. Ukizidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli 3, mabadiliko utakayoyasikia lakini hayatakushtua. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, na hizo ni nguvu mara 10. Toka 40 hadi 150 huongezi hata desibeli 6. Wakati huohuo spika zenyewe zinatofautiana kwa kiasi hichohicho: moja hutoa desibeli 84 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, nyingine hutoa 90. Pengo hilo la desibeli 6 ni nguvu mara nne. Mtu mwenye spika nyepesi kusukuma za 90 na wati 40 yuko sawa na mwenye spika ngumu kusukuma za 84 na wati 160. Ndiyo maana mteja akiniuliza wati ngapi zinamfaa, namuuliza kwanza ana spika gani na anakaa umbali gani nazo.

Tena kuna wati na "wati". Ukiona herufi PMPO (eti nguvu ya kilele cha muziki) zimefuatwa na namba ya maelfu, funika boksi uendelee na safari. Watengenezaji walitia chumvi mno kwenye namba hizi hata serikali ya Marekani ikaweka kanuni mwaka 1974 ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya. Namba ya kuaminika huja na masharti yake: channeli zote mbili, kushoto na kulia, zikifanya kazi kwa pamoja, kwa omu ngapi, kuanzia masafa gani mpaka gani (ya chini ni besi, ya juu ni sauti nyembamba), na sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia ngapi. Namba iliyopimwa channeli moja tu, kwa masafa ya hetsi 1,000 pekee, sauti ikiwa imeharibika asilimia 10, ni maringo.

Mfano ninaoupenda ni NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978, kazi ya Mnorwe Bjørn Erik Edvardsen. Kwenye karatasi ilikuwa na wati 20 tu kila upande. Ila iliundwa ikijua kwamba spika halisi si kipingamizi kilichokaa kimya maabara. Spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi 4 au 3 kwenye masafa fulani, na omu zikipungua nusu, mkondo unaodaiwa unakuwa maradufu. Volti 20 kwenye omu 8 zinataka ampea 2.5, kwenye omu 4 zinataka 5. Amplifaya yenye transfoma ndogo hapo hukosa pumzi. Kwa hiyo soma mistari yote miwili ya karatasi: kama imeandikwa wati 50 kwa omu 8 na 80 au 90 kwa omu 4, transfoma na kapasita zake, yaani sehemu zinazoilisha umeme, zina nyama. Kama kwa omu 4 haijaandikwa kitu, au namba ni ileile, jiulize kwa nini. Hata kuinyanyua tu kunasaidia, maana transfoma kubwa ni nzito, isipokuwa zile za daraja D (daraja ni aina ya saketi ya kutia nguvu), ambazo huweza kuwa nyepesi kama kitabu na bado zikasukuma vizuri, maana transista zake huwaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde na nguvu kidogo sana inapotea kama joto. Daraja A ni kinyume chake: zaidi ya nusu ya umeme inageuka joto. Nyingi zilizobaki ni AB, katikati ya hizo mbili. Nimesikia nzuri na mbaya za kila daraja, na sichagui kwa herufi.

Kitufe cha sauti kinawadanganya watu wengi. Wanaona amplifaya inapiga kelele kitufe kikiwa saa tatu tu, wanasema "hii ina nguvu, na bado haijafika hata saa sita!" Mahali kitufe kilipo hapakuambii nguvu iliyobaki. Kicheza CD hutoa hadi volti 2, na amplifaya nyingi hufika kikomo kwa chini ya nusu volti, hivyo nguvu zote zinaweza kuwa zimekwisha kabla ya saa sita. Ukiendelea kuzungusha, vichwa vya mawimbi vinakatwa, sauti inakwaruza, na kinachoungua ni spika ndogo ya sauti nyembamba. Nimezibadilisha nyingi, na mara nyingi muuaji ni amplifaya ndogo iliyolazimishwa.

Mimi huanza upande wa pili wa kitufe, kule chini kabisa. Vaa subira, weka muziki wenye mwimbaji mmoja katikati, punguza sauti mpaka iwe ya usiku wakati watoto wamelala. Mwimbaji amebaki katikati, au amehamia spika ya kushoto? Vitufe vya bei rahisi havilingani pande mbili vikiwa chini, na huko chini ndiko wengi wetu tunakosikilizia. Na kwa sauti ndogo besi hupotea hata amplifaya ikiwa nzima: watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio huwa zito kwa masafa ya chini kadiri sauti inavyopungua. Ndiyo sababu siwaelewi wanaodharau vitufe vya besi na trebo. Saketi nyingi za vitufe hivyo zinatokana na ile aliyoichapisha mhandisi Peter Baxandall mwaka 1952, nayo ipo kwa ajili ya chumba chako na masikio yako. Ongeza besi kidogo usiku, hakuna atakayekukamata.

Kwa wenye santuri: sindano ya kawaida hutoa milivolti kama 3 hadi 5, na santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na trebo ikiwa imeongezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani. Tundu lenye jina "Phono" ndilo linalorudisha mambo sawa. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida utasikia kama nzi ndani ya chupa. Ukichomeka CD kwenye Phono, utajua mwenyewe.

Ukinunua iliyotumika, iwashe bila spika, weka multimita kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), upime plagi za kila upande. Chini ya milivolti 50, tulia. Zikizidi 100, ita fundi kabla ya kuunga spika. Kitufe kikikwaruza wakati wa kuzungusha, mara nyingi ni vumbi tu. Na nyaya za spika, sokota ncha zake vizuri. Niliwahi kuacha unyoya mmoja wa shaba ukagusa plagi ya pili, amplifaya yangu mwenyewe, nikasikia "tap" ndogo na harufu ikafuata. Transista nne. Bado ninazo kwenye kopo.

Turudi kwa mzee. Kwenye spika zangu, amplifaya yake ilikuwa na besi ya kutosha kutikisa kikombe. Nikamuuliza nani alimfungia spika nyumbani. "Mjukuu, tulipohama." Nikamwambia akifika achukue spika moja tu, abadilishe waya: mwekundu uende kwenye plagi nyeusi, mweusi kwenye nyekundu. Ukifunga moja kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi zinafutana.

Jioni alinitumia ujumbe wa sauti. Maneno sikuyasikia vizuri, maana nyuma yake gitaa la besi lilikuwa linanguruma.